Hali ya Hewa ya Nungwi

Jumamosi, tarehe 24 Mei 2025. Asubuhi hiyo mtaa wa Sigino, pembeni mwa mji wa Babati, uliamka na baridi ya kuuma masikio. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba hadi kimo cha mbaazi, na Mlima Kwaraa haukuonekana kabisa, utadhani umehamishwa. Upepo haukuwepo. Moshi wa majiko ulipanda wima, ukafika mahali ukasimama kama umesahau ulikokuwa unakwenda.

Nyumbani kwa Xavery watu wa jumuiya ndogo ya kanisa walikuwa wamekwisha kusali. Jumuiya hii ina desturi yake wakati wa maharage. Uwanja wa kupuria ni mmoja tu, ule ulio mbele ya nyumba ya Xavery, kwa sababu ardhi yake ni ngumu na mkewe Mektilda huupaka samadi ya ng'ombe mpaka unakuwa laini kama sakafu. Kila familia huleta maharage yake yaliyong'olewa shambani na mashina yake, huyatandaza upande wake, na jua likishayakausha watu wote hushika fimbo na kuyapura kwa pamoja, fungu la huyu kisha la yule, wakiimba. Hakuna anayepura peke yake, wala kazi haianzi kabla ya sala. Tangu Pasaka lilikuwa limeongezwa jambo la tatu, nalo ni hali ya hewa.

Xavery, mwenyekiti wa jumuiya, alitoa simu mfukoni, akaifuta kioo kwa mkono wa shati, akasimama kama msomaji wa somo la kwanza.

"Ndugu zangu, mwisho huu wa wiki," akasoma. "Manyunyu ya hapa na pale, ya muda mfupi. Upepo wa kusini mashariki. Vipindi virefu vya jua. Joto, nyuzi ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa?" Devota, jirani wa upande wa juu, alivuta sweta lake mpaka kidevuni. "Hiyo ishirini na tisa iko nyumba gani, mwenyekiti? Tuelekeze twende tukaote."

Watu wakacheka.

"Ni ya mchana, Mama. Si ya saa hizi," Xavery akasema. Akaendelea kusoma. "Mawimbi, ya wastani."

"Mawimbi gani tena?" aliuliza Baltazar. Huyu alikuwa mtu wa miraba minne, mjane, mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya korongo.

"Ya ziwa," Xavery alijibu bila kupepesa macho. "Kwani Ziwa Babati halina mawimbi?"

"Labda wanawatangazia viboko," Devota akasema, na kicheko kikazuka upya.

Mektilda hakucheka. Alikuwa ameshika sufuria la uji. Alimtazama mumewe. Xavery naye akamtazama, mara moja tu, kwa lile jicho ambalo Mektilda alilijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Mektilda akainamisha kichwa, akaendelea kugawa uji.

Simu ile waliinunua kwa Salum, fundi simu mwenye kibanda cha mabati cha buluu pembeni mwa lami. Salum alikuwa mtu wa Unguja. Alifanya kazi hotelini huko Nungwi, kazi ilipokwisha akaja Babati na mkewe Mwanaharusi, wakapanga chumba, wakazoea baridi na ugali mgumu. Simu ilikuwa yake mwenyewe tangu akiwa kisiwani. Siku walipoichukua Mektilda alikuwepo, amebeba kuku wa kupeleka sokoni, na alisikia kila neno.

"Baba Kindness," Salum alimwambia Xavery siku ile, "hapa juu bado pameandikwa Nungwi. Ukiiacha hivi itakupa hali ya hewa ya kule kwetu, pwani. Bonyeza hapa uandike Babati. Lete nikuwekee, ni kitu cha mara moja."

Xavery aliikwapua simu mkononi mwake. "Niachie. Mimi si mtoto wa chekechea. Nimeona."

Hakuwa ameona. Mektilda alijua, kwa sababu usiku ule na siku nyingine zilizofuata mumewe aliigeuzageuza simu kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya watu. Lakini mvua ya masika ilikuwa inanyesha bara na pwani, kwa hiyo simu ikasema mvua, na mvua ikanyesha Sigino, na watu wakasema mwenyekiti wetu ana jicho. Watu walianza kumsimamisha njiani kumuuliza kesho itakuwaje. Xavery alipenda kuulizwa. Mtu akishapenda kuulizwa, kusema "sijui" kunamkaba koo.

Mektilda alidhani labda siku moja mumewe alifanikiwa kuandika Babati. Aliendelea kudhani hivyo mpaka aliposikia neno mawimbi.

Kufika saa tano ukungu ulikuwa umeondoka na jua limewaka kidogo. Maharage ya jumuiya nzima yalikuwa yametandazwa uwanjani, mekundu na ya njano, na maturubai yamekunjwa pembeni. Ndipo Kwaraa ikajitokeza, na juu yake limekaa wingu jeusi lenye tumbo la kijani.

Devota aliliona wa kwanza. "Mwenyekiti, lile silipendi. Tufunike."

"Tukifunika hayatakauka, tutapura lini?" Xavery alisema. "Simu imesema manyunyu. Manyunyu yatapita."

"Simu haioni mlima, Baba Kindness. Mimi nauona."

"Basi nenda ukasomewe na mlima."

Baadhi ya wanaume walicheka. Baltazar alitazama wingu, akatazama maharage yake yaliyochukua robo nzima ya uwanja, maana mwaka huo alilima mpaka kando ya kaburi la mkewe. "Mwenyekiti hajawahi kukosea," alisema hatimaye. "Tuache yakauke."

Mektilda akamfuata mumewe nyuma ya banda la ng'ombe. Alizungumza taratibu, macho chini.

"Baba Kindness. Ule mji juu ya simu, uliubadilisha?"

Xavery alimshika mkono juu ya kiwiko, akamminya mpaka vidole vyake vikazama nyamani.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nakuuliza wewe. Waambie wafunike tu, si lazima useme kwa nini."

"Nisimame mbele ya watu niseme nilikuwa nawasomea upepo wa Wazanzibari? Tangu Pasaka? Unataka wanifanyie wimbo?" Akamminya zaidi. "Mdomo wako huo, Mektilda. Ukiufungua utaukusanya chini."

Alimwachia, akarudi uwanjani akipiga makofi kuhimiza watu. Mektilda alibaki anautazama mkono wake, alama za vidole zikibadilika kutoka nyeupe kuwa nyekundu. Alisema, "Ee Bwana, lipitishe lile wingu." Hiyo ndiyo sala aliyoiomba. Baadaye alijuta kwamba hakuomba ujasiri.

Wingu halikupita. Lilishuka mlimani kama ng'ombe waliovunja zizi. Kwanza kuku walikimbilia ndani. Kisha upepo ulikuja wote kwa mara moja, ukayanyanyua maturubai yaliyokunjwa na kuyatupa kwenye migomba ya jirani, na kabla mtu hajasema lolote mvua ya mawe ikaanza.

Ilipiga. Hakuna neno jingine. Mawe ya barafu makubwa kama ndimu yalianguka juu ya mabati kwa kishindo kilichozima sauti za watu, yakawapiga vichwani, mabegani, migongoni. Devota alipigwa kwenye paji la uso, damu ikamwingia machoni, akawa anatembea na mikono mbele kama kipofu. Wengine walijitupa juu ya maharage yao kuyakinga kwa miili. Baltazar alilala kifudifudi ametanua mikono, mawe yakimpiga mgongo wake mpana, naye akinguruma. Bati la banda la ng'ombe likang'oka, likaruka kimo cha kichwa likilia kama panga, likamkata ndama shingoni. Ndama alisimama kidogo kana kwamba anafikiri, kisha magoti yakamwisha.

Halafu yakaja maji. Yalitoka juu mashambani, mekundu, yamebeba mashina ya mahindi na viatu vya watu. Uwanja ule laini ambao Mektilda aliupaka kwa mikono yake haukuwa na mahali pa kuyazuia. Maharage yote yaliinuka kwa pamoja, yakazunguka mara moja uwanjani kama yanaaga, yakateremka korongoni. Watu waliyakimbiza. Walichota kwa mabeseni, kwa khanga, kwa mikono, wakapata tope. Mtu mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye maji anacheka, na kicheko chake kilitisha kuliko radi.

Mvua ilipokatika, jua likatoka. Likawaka sawasawa kama Xavery alivyosoma.

Watu waliutazama uwanja uliobaki mtupu. Hawakuwa wamepoteza biashara. Walikuwa wamepoteza chakula mpaka mwakani. Baltazar aliinuka kutoka kwenye tope, nguo zimemganda, akatembea polepole hadi kwa Xavery, akamkamata kwa ukosi wa shati na kumwinua mpaka visigino vikaacha ardhi.

"Manyunyu," alisema.

"Baltazar, ndugu yangu..."

"Nimeacha maharage yangu wazi kwa neno lako. Wanangu watakula nini? Watakula manyunyu?"

Wanaume wengine walisogea. Fimbo za kupuria zilikuwa zimetapakaa chini, na mmoja baada ya mwingine wakaziokota. Mektilda aliona jinsi mikono yao ilivyozishika, si kwa mtindo wa kupura. Akajua mumewe anakwenda kufa pale pale uwanjani, akafungua mdomo amtetee.

Lakini Xavery aliwahi.

"Si mimi! Mimi nimesoma kilichoandikwa. Ni simu! Imetengenezwa kudanganya." Pumzi ilimkatika. "Nimeuziwa na yule Mzanzibari."

Baltazar alimlegeza kidogo. "Salum?"

"Salum. Nani anajua aliifanyia nini? Nyie mnawajua watu wa pwani. Upepo kama ule mmewahi kuuona hapa? Mara ngapi umeng'oa mabati Sigino? Upepo ule si wa huku. Umetumwa."

Neno hilo likaingia kwa watu waliolowa, wenye njaa ya mwaka mzima mbele yao, kama cheche kwenye nyasi kavu. "Umetumwa," mtu alisema. "Amefunga mambo yake kwenye simu," mwingine alisema. "Siku ile alimtazama ng'ombe wangu," akasema wa tatu, na hakuna aliyemuuliza ng'ombe alifanya nini. Baltazar alimwachia Xavery. Aliinama, akachagua fimbo, akaijaribu uzito wake kwa mkono.

"Twende tukamuulize."

Wakaondoka. Walitembea kwa haraka bila kuimba, na Xavery akiwa mbele, kwa sababu kama angebaki nyuma wangemkumbuka.

Mektilda alibaki na wanawake na ndama aliyekufa. Devota alikuwa ameketi kwenye kinu, anajifuta damu kwa khanga. "Mungu wangu, wanamuua yule kaka," alisema. "Mwaka jana alinitengenezea redio, akakataa hata chai."

"Devota," Mektilda alisema, "Salum hana kosa."

"Najua hana. Nani mwenye akili asiyejua?"

"Hujui. Mimi najua." Akavua viatu, maana tope lilikuwa linavivuta, akaanza kukimbia.

Alikimbia huku akisali, lakini maneno ya sala hayakukaa sawa. Yalikuja vipande vipande na pumzi. Alimwona Kindness, binti yake aliye shule ya bweni, akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, kwa sababu ya mama mdomo wazi. Alijiona na kifurushi chake barabarani. Na bado miguu ilikwenda. Devota alimfuata nyuma akimwita amngoje.

Kibanda cha buluu nacho kilikuwa kimeng'olewa paa. Salum alikuwa ndani anakausha vifaa vyake kwa kitambaa, na Mwanaharusi anafagia mawe ya barafu nje, wanaume walipofika. Kabla hajawasalimu, Baltazar alimkamata Salum kwa nywele na kumtoa nje kupitia dirisha la kuuzia.

"Umetutumia upepo wa kwenu!"

"Upepo gani, kaka? Hebu tazama, na mimi sina paa!"

"Anajifunika," sauti ilisema. "Wachawi wote huanza na kwao."

Pigo la kwanza lilimwingia ubavuni. Mwanaharusi alimrukia Baltazar mgongoni akamng'ata sikio, wakamvuta, wakamtupa kwenye mtaro, akainuka, wakamtupa tena. Salum alikuwa amepiga magoti, mikono juu ya kichwa. Katikati ya miguu ya watu alimwona Xavery, na uso wake ukajaa matumaini, kama mtu aliyeona ndugu yake ugenini.

"Baba Kindness! Waambie. Si nilikwambia juu pale pameandi..."

Fimbo ya Xavery ilimpiga mdomoni kabla hajamaliza. Meno yalisikika. Xavery alipiga tena, na tena, mahali pale pale, mdomoni, na wengine walipomwona mwenyekiti wa jumuiya anapiga, waliobaki na haya wakaivua. Fimbo zilipanda na kushuka kwa zamu, kwa ule mwendo waliouzoea wa kupura. Miili yao iliujua mwendo huo. Hakukuwa na haja ya kufikiri.

"Petroli!" mtu alipiga kelele. "Nani ana petroli?"

Dereva mmoja wa bodaboda alifungua tangi lake, akatafuta chupa.

Mektilda alifika wakati huo. Hakusimama kutazama. Aliingia chini ya fimbo kwa kichwa, akajitupa juu ya Salum, akamfunika kama Baltazar alivyofunika maharage yake. Fimbo mbili zilimpata mgongoni kabla wenyewe hawajaona kwamba ni mwanamke. Ya tatu ilikuwa imeinuliwa na Xavery. Yeye aliona. Mektilda alikuwa amegeuza uso, macho yao yakakutana, na fimbo ikashuka. Aliinua mkono kujikinga, na mfupa ukavunjika kwa sauti ya kuni kavu.

Maumivu yalimletea kiza, kisha kiza kikaondoka na kumwachia sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

"Ni Nungwi! Simu ilikuwa inasoma Nungwi! Salum alimwambia abadilishe, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu! Mume wangu alikataa kufundishwa! Tangu Pasaka anawasomea hali ya hewa ya kisiwani!"

Fimbo zilisimama hewani.

"Amechanganyikiwa," Xavery alisema akihema. "Mwanamke huyu amepigwa na mvua ya mawe kichwani."

"Toa simu," Baltazar akasema. Sikio lake lilikuwa linachuruzika damu.

Xavery aliitoa. Ilikuwa imelowa, kioo kimepasuka, haikuwaka. Aliwaonyesha, na Mektilda akaona uso wake ukipata nafuu. "Mnaona? Imekufa. Amebaki na maneno yake tu. Neno la mwanamke anayelala juu ya mwanamume mwingine barabarani!"

Mtu mmoja alicheka, kicheko kibaya. Dereva wa bodaboda alikuwa na chupa yake mkononi, imejaa.

Devota alifika anahema, nusu ya uso wake imeganda damu. Alisukuma watu kwa viwiko mpaka mbele.

"Mawimbi," alisema. "Wote mlisikia. Alisoma mawimbi. Mlisikia au hamkusikia? Nyuzi ishirini na tisa, na mimi nimevaa sweta! Baltazar, wewe ndiye uliyeuliza ni mawimbi gani. Nani duniani anayetangaza mawimbi ya Ziwa Babati?" Aligeuka akamtazama kila mmoja. "Tulicheka. Jibu tulikuwa nalo tangu asubuhi, tukalicheka."

Salum alikuwa anakoroma chini ya Mektilda, damu ikitoka mdomoni na puto dogo jekundu likipanda na kushuka puani. Baltazar alitazama fimbo yake kana kwamba ameikuta mkononi. Ilimponyoka. Aligeuka akaondoka akipepesuka, na baada yake mwingine, kisha mwingine. Dereva alimwaga petroli mtaroni. Haikuchukua muda barabara ikawa tupu, na fimbo tu zimelala pale, nyingine bado zina maganda ya maharage kwenye nyufa zake.

Wanawake watatu ndio waliompakia Salum kwenye pikapu ya muuza mkaa aliyekuwa anapita. Mwanaharusi alikaa nyuma amempakata kichwa. Hakulia. Aliuliza swali moja tu njia nzima: "Ulijua tangu lini, Mama Kindness?" Na Mektilda alimwambia ukweli: "Tangu asubuhi, baada ya sala, aliposoma mawimbi."

Mwanaharusi alivuta upindo wa khanga yake, akamfuta Salum damu mdomoni.

Jumapili baada ya ibada mwenyekiti wa mtaa, mzee Aminiel, aliitisha mkutano. Polisi walikuwa wametuma ujumbe kwamba watafika. Watu walijaa mbele ya ofisi, Wakatoliki na Walutheri, wakulima na wenye maduka, wote wamevaa nguo za kanisani. Mwanaharusi alikuwa amekaa kwenye ngazi, upindo wa khanga yake bado una damu. Salum alikuwa hospitalini, hajafumbua macho, na daktari hakutaka kuahidi kitu.

Asubuhi ile Xavery alikuwa amemwambia mkewe maneno machache. Alisema bila kupaza sauti, akifunga vifungo vya shati. "Leo ukinyamaza, yameisha. Ukisema, huna nyumba, huna mume, na Kindness hakujui." Sasa alikuwa mstari wa mbele, rozari mkononi, watu wa jumuiya wamemzunguka. Baltazar alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta.

Mzee Aminiel alikuwa mtu mpole, asiyependa ugomvi. Alikohoa.

"Ndugu zangu, limetokea jambo la kusikitisha. Tunalilaani. Lakini mtaa wetu una sifa nzuri, na sote tumepata hasara ya mvua. Tukianza kunyoosheana vidole, nani atabaki? Nimeongea na wazee. Polisi wakifika, tutawaeleza kwamba ni wananchi wenye hasira. Hawajulikani. Tutasema kulikuwa na mnada, watu walipita wengi. Tutamchangia Salum matibabu, na maisha yaendelee. Kuna mwenye neno?"

"Hapana, mzee," sauti zilisema kwa haraka. "Umesema vizuri, mzee."

Mektilda akasimama. Mkono wake ulikuwa umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kitenge. Devota alimvuta sketi. "Kaa chini," alinong'ona. "Una mtoto, dada yangu. Kaa." Kisha akautazama ule mkono, akamwachia sketi.

"Shikamoo, mzee," Mektilda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mgonjwa, kapumzike. Mambo yako na mumeo yatazungumzwa nyumbani."

"Nikishasema, mzee, nyumbani nimefukuzwa. Kwa hiyo ngoja nikiseme chote." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. Xavery alikuwa amegeuka anamtazama kwa lile jicho. Mektilda alilitazama jicho lile mpaka mwisho wake, kwa mara ya kwanza tangu waoane, akaona kwamba nyuma yake kuna mtu aliyejaa hofu.

"Mnasema hawajulikani. Ni nani hapa asiyejulikana? Tumebatiziana watoto. Tunapuriana maharage. Kila fimbo niliyoiona jana naijua imekatwa mti gani." Akasogea mpaka kwenye ngazi, akasimama karibu na Mwanaharusi, akainua mkono wake mzima. "Basi mnisikie. Mimi Mektilda, mbele za Mungu, mbele yako mwenyekiti, mbele ya watu hawa wote na mbele ya dada huyu, naahidi. Salum apone au afe, polisi wakiingia hapa nitawataja. Wote, jina kwa jina, na mahakamani nitarudia. Nitaanza na Xavery, mume wangu, aliyempiga mtu mdomoni asiseme ukweli. Nitamtaja Baltazar. Nitamtaja aliyejaza chupa ya petroli. Na nikimaliza nitajitaja mimi, niliyejua tangu jana asubuhi, baada ya sala, nikanyamaza. Sitanyamaza tena."